Mgeni Ana Mdomo, Ila Miguu Si Yake

Muhula uliopita tulikuwa na semina kuhusu mipaka ya Afrika. Chumba kimejaa, feni moja inazunguka kwa kujilazimisha, na mada ya siku ile ilikuwa ziwa: kati ya Tanzania na Malawi, maji ni ya nani? Mwalimu akakumbuka kwamba kwenye kundi letu yupo mwenzetu anayetoka Malawi. Akamgeukia kwa furaha kabisa.

"Haya, tupe upande wenu."

Vichwa vyote vikageuka. Jamaa akatabasamu, akasema, "Mwalimu, mimi hapa ni mgeni. Naomba nipite."

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, akaendelea na mwingine. Alama za kuchangia semina jamaa akazikosa, na sisi tukamaliza saa mbili tukijadili mgogoro wenye pande mbili kwa kusikiliza upande mmoja.

Mimi sikucheka, kwa sababu mbili. Ya kwanza, natoka Lipingo, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, kule ambako zamani tulikuwa Mbinga na sasa ni Wilaya ya Nyasa. Kwetu jua linazama upande wa Malawi. Siku mvua ikishasafisha anga, jioni unaiona milima ya ng'ambo kwa macho yako. Usipa tunaokula sisi ndio wanaokula wao, na wanauita hivyohivyo. Upepo wa mwera ukichafuka hauulizi mtumbwi umesajiliwa wapi. Kwa hiyo huyu jamaa, kwangu mimi, ni jirani niliyekutana naye chuoni badala ya kukutana naye majini. Ananiita achimwene, namwita kaka.

Sababu ya pili ni kwamba nilijua kwa nini amenyamaza. Na sehemu ya lawama ni yangu.

Usiku ule hosteli nilimwuliza: kaka, wewe si ndiye unayejua hii mada kuliko sisi wote? Akafunga mlango, akashusha nondo. Akaanza na mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa tarehe 1 Julai 1890, uliochora mpaka ukifuata ufukwe wa upande wetu, yaani maji yote yakabaki upande uliokuja kuwa Malawi. Halafu akaenda Cairo, Julai 1964, kwenye kikao cha Umoja wa Nchi Huru za Afrika kilichoamua kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe kama ilivyo. "Na unajua nani aliyelipigia debe azimio lile?" akaniuliza. "Nyerere wenu."

Nikamjibu nilivyoweza. Nikamwambia kwamba mkataba uleule ulitoa nafasi ya mpaka kurekebishwa kulingana na hali ya mahali. Kwamba wakati wa Waingereza zipo ramani zilizopitisha mpaka katikati ya maji. Kwamba duniani kote nchi mbili zikipakana ziwani, desturi ni kugawana kati kwa kati. Na kwamba bibi yangu hakuwahi kuomba ruhusa ya Serikali ya Malawi ili ateke maji ya kupikia. Tulibishana mpaka saa nane usiku. Ndiyo semina bora kabisa niliyohudhuria tangu nifike chuo, na ilihudhuriwa na watu wawili.

Sasa kwa nini isingefanyika mchana, darasani, mbele ya watu sitini?

Kwa sababu mwaka wa kwanza aliwahi kujaribu. Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu alitania kuhusu ziwa, naye akajibu kwa ujumbe wa sauti, dakika moja hivi, kwa upole tu, akieleza kwa nini kwao linaitwa Ziwa Malawi. Mtu mmoja akauchukua ule ujumbe akausambaza kwenye makundi mengine, na maneno juu yake: huyu Mmalawi anasoma kwetu na anataka ziwa letu. Kufika jioni wako watu wasiomfahamu wanauliza amepataje kibali cha kusoma hapa, na mmoja akashauri apelekwe Uhamiaji. Hakuna aliyempeleka, na hakuna ofisi iliyomwita. Lakini yeye alikaa wiki mbili akishtuka kila simu ikiita, kisha akatoka kwenye kundi. Tangu siku hiyo ukimwuliza ziwa ni la nani, anakwambia ziwa ni la samaki.

Na mimi siku ile kwenye kundi niliweka kikaragosi cha kucheka. Nakiandika hapa ili kisibaki siri yangu.

Ndugu zangu, nimeanza na kisa hiki kidogo kisicho na polisi wala mahakama kwa makusudi, kwa sababu ndivyo uhuru wa kusema wa mwanafunzi wa kigeni unavyopotea mara nyingi. Hafungwi mdomo. Anajifunga mwenyewe, baada ya kupiga hesabu. Na hesabu yake ni tofauti na ya kwetu.

Tuangalie Katiba. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, inapozungumzia uhuru wa maoni, inaanza na maneno "kila mtu". Haikusema kila raia. Rudi nyuma hatua moja, Ibara ya 17, inayohusu uhuru wa kwenda utakako na kuishi popote nchini: hapo inasema kila raia. Nenda mbele Ibara ya 21, ya kushiriki katika utawala wa nchi: hapo tena ni raia. Kwa hiyo waliotunga walijua tofauti ya maneno hayo mawili, na kwenye maoni wakachagua "mtu". Kwa Katiba yetu, mwenzetu wa Malawi ana mdomo sawasawa na wa kwangu. Asichokuwa nacho ni miguu. Kukaa kwake hapa kunategemea kibali cha mwanafunzi, kibali kinategemea chuo kuendelea kumtambua, na Sheria ya Uhamiaji ya 1995 inawapa wakubwa mwanya mpana wa kumwona mtu hatakiwi nchini.

Ndipo ujanja ulipo. Mimi nikisema neno baya, la kuvunja sheria kweli, mtu anayetaka kuniadhibu kwa nguvu ya serikali lazima anipeleke mahakamani. Kutakuwa na hati ya mashtaka, wakili, shahidi, hakimu. Nikishinda nalala nyumbani. Mwenzangu akisema neno lilelile, hata likiwa halivunji sheria yoyote, hakuna haja ya kesi. Inatosha kibali kisihuishwe. Ulimi wake haujaguswa, Katiba haijaguswa, ila yeye yuko kwenye basi na shahada yake imebaki nusu. Huwezi kumpa mtu mdomo kisha ukashika miguu yake, halafu useme yuko huru kusema.

Haya si mambo ya kufikirika. Yalishatokea Mlimani, na kila mwanafunzi wa nchi hii anapaswa kuyajua.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kijiwe cha Afrika nzima. Mwaka 1967 wanafunzi wa nchi mbalimbali waliunda umoja wa kimapinduzi uliojulikana kwa kifupi kama USARF, na mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Novemba 1969 umoja huo ukaanza kutoa jarida, Cheche, likihaririwa na wanafunzi wenyewe: Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Mwaka 1970 Cheche ikatoa toleo maalumu lenye andiko refu la Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini. Novemba mwaka huohuo, jarida na umoja wake vyote vikapigwa marufuku. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba Tanzania haihitaji itikadi za kuazima kutoka nje. Hata jina Cheche lilisemwa kuwa la kuazima, kwa sababu Lenin aliwahi kuwa na gazeti lenye maana hiyo.

Angalia hapo: wahariri wenyewe walikuwa Watanzania. Lakini neno "nje" lilitosha kuizima hoja bila kuijibu.

Miezi michache baadaye ikaja zamu ya mtu, si jarida. Mwaka 1971 rais wa serikali ya wanafunzi, DUSO, alikuwa Symonds Akivaga, Mkenya. Wanafunzi wa Tanzania walimchagua wenyewe wakijua ni Mkenya. Mwezi Julai aliandika barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, ambaye kabla ya kupewa chuo alikuwa mtendaji mkuu wa TANU. Barua ililalamikia namna chuo kilivyoendeshwa bila kuwasikiliza wanafunzi. Jibu lilikuja kwa magari ya Kikosi cha Kutuliza Ghasia. Akivaga alikamatwa palepale chuoni na askari wenye silaha, akasafirishwa kurudishwa Kenya. Wanafunzi waligoma kuingia darasani.

Jiulize swali rahisi. Kama rais wa DUSO mwaka ule angekuwa kijana wa Mbinga, angefanywa nini? Pengine angesimamishwa, pengine angefukuzwa chuo kama walivyofukuzwa wanafunzi walioandamana mwaka 1966 kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Hiyo ni adhabu kubwa pia, na siisifii. Lakini angebaki nchini kwake, akaenda kwa wazazi, akaandika barua nyingine, akakata rufaa akiwa karibu. Akivaga aliondolewa yeye pamoja na sauti yake. Barua ilikuwa ya wanafunzi wote, na aliyebeba gharama yake ya pekee ni yule aliyekuwa na hati ya kusafiria ya nchi nyingine.

Najua wapo watakaosema hizo ni zama za chama kimoja. Haya, tutoke kwenye zama hizo.

Mwaka 2005 Botswana, nchi inayosifiwa kwa demokrasia barani, ilimtangaza Profesa Kenneth Good, Mwaustralia aliyekuwa akifundisha siasa Chuo Kikuu cha Botswana kwa miaka mingi, kuwa hatakiwi nchini. Alikuwa ameandika makala ya kitaaluma akikosoa namna marais wanavyorithishana madaraka pale. Aliposhindwa kesi yake aliondolewa siku hiyohiyo. Shauri likafika kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2010 Tume ikaamua kwamba Botswana ilikiuka Mkataba wa Afrika. Mkataba huo, ambao Tanzania nayo ni mwanachama wake, unasema kwenye Ibara ya 12 kwamba mgeni aliyeingia nchi kihalali asifukuzwe ila kwa uamuzi uliofuata sheria. Kwa hiyo hii ninayoidai hapa imo kwenye mkataba wa Waafrika wenyewe.

Na wale mnaojaza fomu za skolashipu za Marekani usiku na mchana, hili linawahusu moja kwa moja. Machi 2025 mwanafunzi Mturuki wa shahada ya uzamivu wa Chuo Kikuu cha Tufts, Rümeysa Öztürk, alikamatwa barabarani na maofisa waliovaa kiraia na kuficha nyuso, viza yake ikiwa imeshafutwa bila yeye kujua. Alichojulikana nacho ni kwamba mwaka mmoja kabla aliandika, pamoja na wenzake watatu, makala ya maoni kuhusu Gaza kwenye gazeti la wanafunzi. Makala ya maoni, gazeti la wanafunzi, sawasawa na hii unayoisoma. Alikaa kizuizini Louisiana kwa wiki sita hivi mpaka jaji alipoamuru aachiwe mwezi Mei. Juni mwaka huohuo, Marekani ikaanza kuwataka wanaoomba viza za masomo wafungue kurasa zao za mitandao ili zikaguliwe. Wewe uliye hapa Tanzania, ambaye hata ndege hujapanda, umeshaanza kufuta ulichoandika. Au nasema uongo?

Tukisoma habari za Öztürk tunasikitika. Lakini Mei 2025 hiyohiyo, hapa kwetu, majirani zetu akina Martha Karua na Willy Mutunga walirudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam walipokuja kufuatilia kesi ya Tundu Lissu. Wenzao Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walishikiliwa, wakaja kukutwa mpakani, na wote wawili wamesema waliteswa. Hao hawakuwa wanafunzi, na najua mambo yao yana mabishano yake. Ninachotaka uone ni jambo moja tu: mwanafunzi wa kigeni anayekaa chumba cha jirani na wewe alizisoma habari hizo kwa jicho ambalo wewe huna. Wewe ulisoma siasa. Yeye alisoma hali ya hewa ya siku atakazoishi hapa.

Sasa nisikilize upande wa pili, maana siwezi kudai mwenzangu asikilizwe halafu mimi niwe kiziwi.

Wanaopinga wana hoja tatu. Ya kwanza: kila nchi ina haki ya kuchagua nani aingie. Kweli. Ila kuchagua nani aingie ni jambo moja, na kumtoa aliyeingia kihalali kwa sababu ya alichosema ni jambo jingine. Ukimkaribisha mtu mezani huwezi kumwondolea sahani kwa sababu amesema mboga ina chumvi.

Ya pili: mgeni anaweza kutumwa na watu wa nje avuruge. Inawezekana. Basi kosa lake lisemwe, liwe kwenye sheria, lithibitishwe. Kuchochea watu wapigane ni kosa kwa raia na kwa mgeni. Kutishia mtu ni kosa, kusingizia mtu ni kosa. Mipaka hiyo iwe ileile kwa wote na ipimwe na mamlaka ileile. Ninachokataa ni kuwa na mpaka wa pili, usioandikwa popote, unaomhusu mgeni peke yake.

Ya tatu ndiyo nzito, na niliisikia nyumbani Lipingo kutoka kwa mjomba wangu. Alisema: mgeni akiharibu anapanda meli anaondoka, sisi tunabaki na uharibifu. Nilifikiri sana juu ya hilo. Ndiyo maana nakubali kwamba kura ni ya raia, na kugombea uongozi wa nchi ni kwa raia. Mwenye kubaki na matokeo ndiye mwenye kuamua. Lakini kusema si kuamua. Jamaa wa Malawi angetoa hoja zake zote semina ile, ziwa lisingehama hata inchi moja. Kilichokuwa kihame ni uelewa wetu, na huo ndio tuliolipia ada.

Halafu kuna methali tunayoipenda: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi wa kigeni anakaa miaka mitatu au minne. Jembe tumempa siku nyingi. Analipa ada, na mara nyingi kubwa kuliko ya kwetu. Anakatwa mchango wa jumuiya ya wanafunzi. Maji yakikatika hosteli anabeba ndoo kama sisi, na matokeo yakichelewa yanamchelewesha na yeye. Mtu mwenye jembe mkononi ana haki ya kusema mtaro umeziba.

Na tukumbuke tulivyofaidika na midomo ya wageni. Oktoba 1968 Serikali ya Jamaika ilimzuia Walter Rodney, mzaliwa wa Guyana na mhadhiri wa pale, asishuke kwenye ndege aliporudi kutoka mkutano Montreal, kwa sababu ya maneno yake kwa watu wa mitaani. Alikuja Dar es Salaam. Hapa nako hakupendwa na kila mtu. Desemba 1969 gazeti la chama, The Nationalist, lilimshambulia kwa tahariri kali baada ya hotuba yake. Lakini alijibiwa kwa maneno, akabaki, akafundisha, na mwaka 1972 kikatoka kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyodidimiza Afrika, kinachosomwa mpaka leo. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitaka. Mkemeeni mgeni, mpingeni, mwandikieni tahariri ya kumkasirisha. Msimguse kibali.

Mwanafunzi anayetoka Kenya au Uganda angalau ana Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Julai 2010 na inayowataja wanafunzi kati ya watu wenye uhuru wa kwenda na kurudi. Mmalawi na Mmsumbiji hawamo humo. Kwa hiyo mtu wa Nkhata Bay, ambaye mtumbwi wake unaweza kutua Mbamba Bay, kwenye karatasi yuko mbali na mimi kuliko mtu wa Turkana. Simwonei wivu wa Turkana. Nasema tu kwamba wenye ulinzi mdogo kabisa ndio majirani zangu.

Tufanye nini? Sisubiri sheria ya nchi ibadilike ndipo tuanze. Yapo mambo ambayo jumuiya yetu inaweza kuyafanya muhula huu.

Kwanza, barua ya jumuiya isitoke kwa jina la mtu mmoja. Kisa cha Akivaga kitufundishe hilo. Iwe na sahihi za viongozi wote, au muhuri wa ofisi bila jina, ili asiwepo wa kung'olewa peke yake.

Pili, katiba yetu iongezwe kifungu: mwanachama wa kigeni akituhumiwa kwa alichosema au kuandika, tudai asikilizwe kwanza hapa chuoni, akiwa na mtetezi wa kumchagua mwenyewe, kabla ya karatasi yoyote kuhusu kibali chake kutoka nje ya geti. TAHLISO nayo iibebe hoja hii, maana vyuo vyote vina wageni.

Tatu, jarida hili liruhusu jina la kalamu kwa anayehitaji, na mhariri atunze siri. Aibu haipo kwa anayeficha jina. Aibu iko kwetu tuliomfikisha hapo.

Nne, kwa walimu wetu kwa heshima: msimfanye mwanafunzi balozi. Ukimwambia "tupe upande wenu" mbele ya watu umeshamvisha bendera. Mwulize anafikiri nini, kama unavyotuuliza sisi, na mwache aipinge hata serikali yake akitaka.

Tano ni letu sisi wenyewe, na halihitaji kikao. Usisambaze ujumbe wa sauti wa mwenzako. Wengi wa wageni wetu hawaogopi ofisa wa Uhamiaji ambaye hawajawahi kumwona. Wanaogopa simu iliyo mkononi mwa anayekaa nao kimbweta kimoja.

Nimalizie na kwetu. Mwera ukivuma kwa nguvu, mitumbwi ya ng'ambo hutupwa upande wetu, na ya kwetu hutupwa kwao. Mtu akitua ufukweni amelowa, hupewa nafasi kwenye moto, hupewa ugali na usipa. Halafu wazee wanakaa wanamwambia: haya, tueleze habari za ng'ambo. Akinyamaza watu wanapata wasiwasi, wanadhani ana jambo baya moyoni. Kwa wazee wale, mgeni anayesema ndiye mgeni salama. Chuoni tumeligeuza, mgeni salama amekuwa yule anayeomba apite.

Kwa kaka yangu wa ng'ambo: nimekuomba ruhusa kabla ya kuandika haya, ukasema niandike ila jina lako lisiwepo. Halipo. Lakini siku utakayojisikia kusimama darasani useme ziwa lote ni la Malawi, mimi nitakuwa kiti cha mbele. Nitakusikiliza mpaka umalize. Kisha nitasimama nikupinge, maana umekosea.